Treni ya Baba na Treni ya Mwalimu

Bakari, mtani wangu,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye benchi la karakana yako, lile lenye mguu mmoja mfupi uliokuwa ukiutegemeza kwa kipande cha kigae. Kigae bado kipo.

Kwa miaka mingi nilifundisha uandishi wa barua hapa Kilwa Masoko, na niliwaambia watoto kwamba barua huandikiwa mtu anayeweza kuijibu. Leo navunja kanuni yangu mwenyewe. Nina jambo la kukiri, na kila aliyestahili kulisikia amekwisha kulisikia isipokuwa wewe.

Kwanza habari za nyumbani. Mkeo, Bi Mwanaidi, yumo ndani anakaa eda. Nikija kumjulia hali naketi uani, naye huniitikia kutoka nyuma ya pazia. Sauti yake imepungua, lakini hajaacha kuuliza kama nimekula. Binti yako Zainabu aliifungua karakana kabla arobaini haijatimia. Watu wakanong'ona. Akawajibu kwamba mifereji ya mvua haisubiri arobaini, na mwenye paa lisilovuja aendelee kunong'ona. Nilipolisikia jibu hilo niligeuka kutazama kama ni wewe uliyesema. Anatengeneza mifereji, majiko na koroboi. Nyundo yake ina haraka kuliko yako. Wewe ulipiga mara mbili ukapumzika, yeye hapumziki.

Nikitoka sokoni asubuhi miguu yangu hugeukia huku kabla kichwa hakijakumbuka. Nafika mlangoni nasimama, nangoja uanze.

"Shikamoo, Mwalimu!"

Nami nilikuwa naitikia, "Marahaba," kwa sababu ulimi wa mwalimu huitikia wenyewe. Hapo ndipo ulipojipiga paja na kuwaita majirani: "Jamani, ameitikia tena! Nimemzidi miezi minne, na Mmatumbi huyu ameitikia!" Mzaha huo uliurudia kila siku ya Mungu, na kila siku nilinaswa. Sasa nasimama mlangoni, hakuna anayeninasa.

Siku ya mazishi yako watu wote walinitazama mimi. Baba yako alikuwa Mngoni aliyeshuka kutoka Songea kuja kufanya kazi ya reli. Mimi ni Mmatumbi wa Miteja. Kwa hiyo tulikuwa watani kabla hatujazaliwa. Unajua kwamba sikuupenda kamwe utani wa msibani, ule wa kujilaza kaburini na kukimbia na viatu vya marehemu. Niliuona ni utovu wa adabu. Lakini ulikwisha kunionya: "Nikitangulia, usinisomee hotuba. Chukua kitu, ukimbie."

Basi nilichukua. Niliingia karakana, nikashusha kutoka rafu ya juu kile kichwa cha treni cha bati, kikuukuu kuliko vyote ulivyovitengeneza, nikakitia kwapani na kutoka mbele ya waombolezaji kwa mwendo ambao magoti yangu yalikwisha kuusahau. Nikapaza sauti: "Mngoni huyu alinizidi miezi minne, na kufa pia ametaka anizidi! Siachii kitu mpaka nikombolewe!" Watu wakacheka huku wakilia. Shehe akatazama pembeni. Nilipofika nyuma ya ukuta wa msikiti nilikaa chini, treni yako mapajani, na hapo utani ukaniishia.

Unajua desturi. Alichokitwaa mtani ni chake mpaka wafiwa wamkomboe kwa kitu kidogo. Siku ya tatu Zainabu aliniletea kuku. Nikamwambia amrudishe, muda haujafika. Ukweli ni kwamba sikutaka kukiachia. Nilikiweka mezani pangu, kando ya miwani.

Wiki iliyopita alikuja mgeni kutoka Dar es Salaam. Ni mkusanyaji wa treni ndogo; ana chumba kizima alichozipanga, na watu huenda kuzitazama. Zamani aliwahi kununua moja ya zako kwa mtu aliyekuja kutembelea magofu, na tangu hapo alikuwa akimtafuta mtengenezaji wake. Hakujua kwamba umefariki. Alipoambiwa alivua kofia, akaishika kifuani. Nilimpenda kwa hilo.

Alitaka kuona vichwa vyako vya zamani vyote, avilinganishe, ajue kipi kilitangulia na kipi kilifuata. Tena alitaka maelezo ya maandishi. Akaniambia, "Mzee wangu, watu huniuliza kila mara, ipi ndiyo yenyewe? Ile inayofanana na treni iliyokuwepo kweli nitaiweka mbele. Iliyokosewa nitaiacha hapa hapa, maana chumba changu si cha vitu vya kuchezea."

Zainabu akasema, "Muulize Mwalimu. Baba hakutoa kichwa hapa bila Mwalimu kukikagua."

Nilifurahi, Bakari. Hilo nalikiri mwanzo.

Tulitandika mkeka uani, karibu na pazia la Bi Mwanaidi. Nikaenda kukileta kile nilichokitwaa, Zainabu akashusha vingine viwili, tukavipanga. Wewe ulikuwa na majina yako: ya Baba, ya Mwalimu, ya wageni. Mgeni alitoa kioo cha kukuzia, akapiga magoti kama mtu anayetafuta sindano.

Ya Baba aliishika kwa muda mrefu zaidi. Ukiimulika kwa ndani unaona nusu ya maandishi ya debe la mafuta ya taa, lile bati nene lisilopatikana tena. Lehemu yake imekaa mabonge mabonge, kama nta iliyodondoka. Magurudumu ni ya mpingo, vipande ulivyowaomba wachongaji, na hakuna mawili yaliyo sawa. Kibanda cha dereva kiko wazi upande wa kulia, na upande wa kushoto kimezibwa kwa kipande cha bati chenye ukingo wa mawimbi, kana kwamba mkasi ulikuwa butu. Chini ya kidirisha cha nyuma ipo alama ya lehemu iliyovunjika. Mgeni aliigusa kwa kidole. "Hapa palikuwa na nini?"

"Kosa," nikamjibu.

Ya Mwalimu ni ya bati jepesi la kopo la mafuta ya kula. Lehemu ni nyembamba, ya mkono uliokomaa. Magurudumu bado ni mpingo, ila yamelingana. Kibanda kiko wazi pande zote mbili, mbele ipo taa, bomba la moshi limesimama wima. Ya wageni ni makopo ya maziwa ya unga, rangi nyekundu, vizibo vya soda badala ya mpingo, na ubavuni umeandika KILWA, mji ambao treni haikuukanyaga. Nilipokukemea kwa hilo ulicheka: "Mwalimu, mgeni hununua jina la mahali alipofika yeye. Treni ilifika wapi, yamhusu nini?"

Mgeni aliafiki kwamba ya Baba ndiyo ya kwanza. Bati na mpingo vilimtosha. Lakini ipi ndiyo ya kweli? Nikavaa miwani, nikaomba karatasi. Niliandika ukurasa mmoja, kwa mwandiko ambao ungeuonea wivu. Nikasema ya kwanza ni kazi ya mtu aliyekuwa akijifunza, aliyetegemea kumbukumbu ya utotoni. Ya pili ilisahihishwa kwa kufuata kitabu, na ndiyo sahihi. Nikasimama, nikausoma kwa sauti.

Nilipokuwa nikisoma, niliikumbuka siku uliyoniletea ile ya kwanza. Nilikuwa mwalimu mpya, nawe ulikuwa umehamia Masoko karibuni. Uliifunga kwenye kanga ya mkeo, ukaifungua juu ya meza yangu taratibu, kama mtu anayefunua uso wa mtoto mchanga. Katika mji huu hakuna aliyekuwa ameiona treni ya moshi ila wewe, uliyekulia Mkwaya, kule Lindi, kabla reli haijang'olewa. Mimi sikuwa nimeiona. Mimi nilikuwa na kitabu. Nikakifungua penye picha, nikakiweka kando ya kazi yako.

"Kitu kilichotengenezwa sawasawa hulingana kulia na kushoto," nilikuambia. "Hapa umeziba, hapa umeacha. Na hili kopo lililotundikwa nyuma lina kazi gani?"

Kwa maana ulikuwa umetundika pale kikopo, kidogo kama ncha ya kidole gumba.

Ukasema, "Mwalimu, baba yangu..."

Nikakukatiza. Nilisema, "Baba yako hakuandika kitabu." Nikakishika kile kikopo, nikakivunja kwa vidole vyangu.

Ulikitazama mkononi mwangu. Kisha ukacheka kidogo, ukasema, "Haya, Mwalimu." Nami nilidhani kicheko kile kilikuwa kukubali.

Nilipomaliza kusoma, Bi Mwanaidi alikohoa nyuma ya pazia.

"Zainabu. Lete sanduku la baba yako." Halafu akasema nami. "Mwalimu, unisamehe. Mume wangu alinikataza, na mpaka jana ningeendelea kukatazika. Lakini sasa linaandikwa."

Ndani ya sanduku, chini ya kanzu zako, ilikuwamo picha. Ndogo, pembe zimeliwa na mende. Mwanamume kifua wazi, koleo mkononi, amesimama kando ya kichwa cha treni, anacheka kicheko chako. Bakari, upande wa kushoto wa kibanda ulikuwa umezibwa kwa bati. Ukingo wake ulikuwa wa mawimbi. Na nyuma, chini ya kidirisha, juu ya waya, kopo.

Nilivua miwani nikaifuta. Nikaivaa tena. Kopo lilikuwapo.

Bi Mwanaidi alieleza bila haraka, na mgeni akaacha kuandika. Baba yako alikuwa mchochea moto. Mama yako alifariki ukiwa mdogo, na hapakuwa na mtu wa kukuacha kwake. Basi aliokota bati, akalikata kwa mkasi wa kuazima, akaziba upande wa kushoto wa kibanda, upande ambao msimamizi alisimama treni ilipoondoka Mkwaya. Nyuma ya bati hilo alikuficha wewe. Na kopo lilikuwa la chai yako. Aliitundika pale ipate moto wa injini, treni ikishapita macho ya watu akakushushia ukanywa.

Miaka yote hiyo nilidhani ulikosea kulinganisha. Nyuma ya bati lile ulikuwapo wewe.

Nikauliza picha ilifika lini. Akasema shangazi yako, aliyehamia Mkwaya baadaye, alikuachia, za Mwalimu zikiwa zimekwisha kuuzwa nyingi. Bi Mwanaidi mwenyewe alikuambia hapo hapo, "Mpelekee mtani wako, aone." Ukamjibu hivi, na alilirudia neno lako kama kwa mdomo wako kabisa:

"Mwacheni. Anafundisha watoto wa mji mzima. Wakisikia amekosea treni, watasema kakosea na mengine."

Ukaendelea kutengeneza kibanda kilicho wazi pande zote. Ukaendelea kuniletea nikague. Nami nikavaa miwani, nikageuza huku na huku, nikasema, "Sawasawa." Nawe ukasema, "Haya, Mwalimu."

Sijui kwa nini hukuniambia tulipokuwa wawili. Tulikaa wawili siku ngapi kwenye benchi hili? Ungesema tu. Ningekasirika siku mbili, ya tatu ningekuja. Au pengine nisingekuja, na ulinijua hivyo. Nimelifikiri sana jambo hili na sijapata jibu ninaloweza kulivumilia.

Niliuchana ule ukurasa. Mgeni, kwa uungwana wake, alisogea karibu akasema chini chini, "Mzee wangu, andika tu kwamba palikuwa na aina mbili za treni. Nani atajua?" Alitaka kunisitiri, kama ulivyonisitiri wewe. Lakini nimetia wino mwekundu kwenye madaftari ya watu maisha yangu yote. Daftari langu atalitia nani? Na kama ukurasa ule ungeondoka, ungesomwa kule na watu wasiokujua, na baba yako angeachwa rafuni kama kosa la mtoto. Niliandika upya. Niliandika kwamba treni ya Baba ndiyo inayofanana na treni iliyokuwepo, na kwamba iliyofuata iliharibiwa na mwalimu ambaye hakuwahi kuiona treni na hakutaka kumsikiliza aliyeiona. Nikaeleza habari ya bati na habari ya kopo. Chini nikatia jina langu kamili na kazi niliyoifanya. Mwandiko haukuwa mzuri safari hii. Nikausoma nao kwa sauti, nimesimama pale pale, kwa sababu wa kwanza niliusoma hivyo.

Bi Mwanaidi akasema kutoka nyuma ya pazia, "Ahsante, Mwalimu. Umekula?"

Mgeni sasa aliitaka ya Baba. Akamtazama Zainabu, Zainabu akanitazama mimi, maana mtani alikuwa bado hajakombolewa. Ndipo binti yako alipocheka, mara ya kwanza tangu tukuzike.

"Mwalimu, kuku ulimkataa. Unataka nini basi, ng'ombe?"

Niliwaomba wanisubiri. Nikaenda nyumbani kwa miguu, na jua lile. Unanijua, situpi kitu. Siku ile nilipokivunja kile kikopo nilikitia mfukoni, na jioni nikakiweka mezani, nikatia pini zangu ndani yake. Shule zimebadilika, meza zimebadilika, nimestaafu. Pini zimekaa humo. Nilizimwaga, nikarudi nacho nimekifumbata.

"Nataka ulirudishe hili mahali pake," nikamwambia Zainabu.

Alikigeuza kiganjani, akaelewa. Akatia makaa, akapasha chuma cha kulehemia, nami nikaishika treni imara kwa mikono miwili. Tone la lehemu likanidondokea kidoleni. "Achia, Mwalimu, unaungua!" Sikuachia. Nilikuwa nakishikilia kitu kwa faida yako, kwa mara ya kwanza labda, na lehemu ilikuwa bado haijaganda.

Kopo limekaa upande kidogo. Zainabu aliniuliza kama alinyooshe. Nikamwambia aliache.

Kisha nikaiweka ya Baba mikononi mwake, na hivyo nikakombolewa, au nikakomboa, sijui. Zainabu akamwambia mgeni kwamba hii haitoki nyumbani. Mgeni aliinama kidogo, akakubali. Amekwenda na ya Mwalimu na ya wageni, pamoja na ukurasa wangu, na amesema mbele ataacha nafasi wazi mpaka Zainabu amtengenezee nyingine ya Baba kwa kuitazama picha. Zainabu ameanza. Ninapoandika haya yuko hapa mkono wangu wa kuume, anakata bati la kushoto kwa ule mkasi wako mbovu. Ameukataa mkasi mpya kwa makusudi.

Tone lile limeniachia kovu. Nikishika kalamu nalisikia.

Bakari, makaratasi yameniishia na adhuhuri imekaribia. Nakuahidi haya. Eda ya Bi Mwanaidi ikimalizika, tutakwenda Mkwaya sote watatu, na treni ya baba yako tutaipakata. Tutamtafuta mzee yeyote anayekumbuka reli ilipita wapi, na safari hii sitachukua kitabu. Nakuahidi pia kwamba mtu akinianzia habari kwa kusema "Mwalimu, baba yangu," nitanyamaza mpaka amalize. Na zamu yangu ya kukufuata itakapofika, nitakuja moja kwa moja ulipo, nikae chini, nawe uanzie pale pale nilipokukatiza. Usiruke kitu. Nina muda.

Mola akupanulie mahali ulipolala, akupe na kivuli upande wa kushoto.

Miaka yote nimekuitikia wewe uliyenizidi. Leo natangulia mimi, kama ilivyopasa tangu mwanzo.

Shikamoo, Bakari.